Wenye Magari na Washika Usukani: Historia ya Vyama Viwili, Toronto na Nairobi

Mtu anayeshuka katika kituo cha treni cha Victoria Park, mashariki mwa Toronto, hahitaji gari ili afike Crescent Town. Hupita juu ya barabara kwa daraja la waendao kwa miguu, magari yakivuma chini yake, na daraja humfikisha katikati ya maghorofa. Kituo kilifunguliwa mwaka 1968. Maghorofa yalifuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, yakiwa yamepangwa kwa fikra kwamba mkaazi aweze kulala, kununua mahitaji yake na kupanda treni pasipo kukanyaga lami ya magari. Leo mtaa huu ni mlango wa Kanada kwa maelfu ya wahamiaji, Wabangladeshi wakiwa wengi zaidi, na lugha zinazosikika katika lifti zake hazihesabiki kwa vidole.

Yaonekana ni kinyume kuanzia mahali kama hapa historia ya vyama vya wenye magari. Lakini ardhi iliyo chini ya maghorofa haya ina habari zake. Kabla ya saruji palikuwa na shule ya wavulana iliyoitwa Crescent, ambayo ndiyo iliyouachia mtaa jina, na kabla ya shule palikuwa na shamba la ng'ombe wa maziwa lililoitwa Dentonia. Mwenye shamba alikuwa Walter Massey, na jina la Dentonia lilitokana na jina la ukoo wa mkewe, Susan Denton. Msomaji wa Afrika Mashariki halijui shamba hilo, ila jina la Massey analijua sana. Ni jina lile lile lililoandikwa ubavuni mwa matrekta mekundu yaliyolima Njoro, Eldoret na Arusha. Kampuni ya Massey-Harris iliungana na ile ya Ferguson mwaka 1953, na baada ya miaka michache matrekta yakaanza kuitwa Massey Ferguson.

Kabla ya matrekta hayo, kampuni ya ukoo huo ilikuwa pia imetengeneza baiskeli. Mwaka 1899 kazi yake ya baiskeli iliunganishwa na ya watengenezaji wengine wa Kanada, ikazaliwa kampuni ya Canada Cycle & Motor, iliyojulikana kwa herufi zake tatu, CCM. Biashara ya baiskeli ilipodorora, kampuni hiyo iligeukia magari, na tangu mwaka 1905 ikawa ikiunda gari lililoitwa Russell. Kwa hiyo historia ya gari mjini Toronto haikuanza kwa kishindo cha injini. Ilianza kwa mlio wa kengele ya baiskeli, na chama cha kwanza cha wenye magari cha mji huo nacho kilizaliwa na watu wa baiskeli. Jambo hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu mwendesha baiskeli ndiye aliyekuwa wa kwanza kulalamikia matope. Mwenye farasi alimwachia farasi taabu ya njia, lakini mwenye baiskeli aliihisi kila mashimo katika mifupa yake mwenyewe.

Mtu anayebeba sehemu kubwa ya historia hiyo ni daktari mmoja wa Toronto, Perry Doolittle, aliyezaliwa mwaka 1861. Alikuwa bingwa wa mashindano ya baiskeli katika ujana wake na kiongozi katika chama cha waendesha baiskeli wa Kanada. Mwaka 1898 tajiri mmoja wa Hamilton, John Moodie, aliagiza gari aina ya Winton kutoka Marekani. Doolittle akalinunua kwake baadaye, na ndiyo sababu hutajwa kuwa mtu wa kwanza nchini humo kununua gari lililokwisha kutumika. Tukumbuke neno hilo, gari kuukuu, maana tutakutana nalo tena Nairobi.

Mwaka 1903 wenye magari 27 wa Toronto walikutana wakaunda klabu yao, na Doolittle alikuwa mmoja wao. Ili kuelewa kwa nini watu 27 waone haja ya kuungana, ni lazima tutazame upande wa pili wa barabara. Gari lilichukiwa. Liliwashtua farasi, liliua kuku na kuwafunika wakulima kwa vumbi, na wengi waliliona kuwa kiburi cha matajiri kilichopewa magurudumu. Mwaka huo huo wa 1903 jimbo la Ontario lilitunga sheria yake ya kwanza ya magari. Kila gari liliandikishwa kwa ada, likapewa nambari, na mwendo wake ukawekewa kikomo cha maili 15 kwa saa. Mwenye gari alipokutana na farasi aliyeingiwa na hofu, alipaswa kupunguza mwendo au kusimama. Mwaka 1908 kisiwa cha Prince Edward, ambacho ni jimbo zima la Kanada, kilipiga marufuku magari yote katika barabara zake.

Basi klabu ya Toronto haikuanza kama huduma kwa umma. Ilianza kama ngome ya watu wachache waliojiona wamezingirwa na polisi, mahakimu na wakulima. Haikuwa peke yake katika hali hiyo. Ufaransa ilikuwa na klabu ya magari tangu mwaka 1895, Uingereza tangu 1897, na mwaka 1902 klabu tisa za Marekani zilikutana Chicago zikaunda shirikisho. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa London. Mwaka 1905 chama cha pili cha Uingereza, kinachojulikana kwa herufi AA, kilianzishwa kwa shabaha moja, nayo ni kuwaonya wanachama dhidi ya mitego ya polisi waliopima mwendo. Walinzi wa chama walipanda baiskeli wakazunguka barabarani. Mahakama ilipoamua mwaka 1910 kwamba kuwaonya madereva namna hiyo ni kuizuia polisi kufanya kazi yake, chama kikabuni hila ya kistaarabu. Mlinzi alimpigia saluti kila mwanachama aliyempita. Siku asipopiga saluti, mwanachama alijua kuna jambo mbele, akapunguza mwendo. Hakuna aliyeweza kushtakiwa kwa saluti ambayo haikupigwa. Yafaa kutambua aliyesimama wapi katika mchezo huo: mwenye gari alikaa, na mwenye baiskeli, aliyelipwa mshahara, alisimama juani na mvuani akiuinua mkono.

Chama cha namna hiyo kina kikomo. Watu 27 wanaweza kujilinda, lakini hawawezi kujenga barabara. Wakuu wa klabu ya Toronto walilitambua hilo mapema. Mwaka 1907 waliungana na klabu za miji mingine ya jimbo, ikazaliwa Ligi ya Magari ya Ontario, na mwaka 1913 vyama vya majimbo vikaunda Chama cha Magari cha Kanada, CAA. Hapo ndipo lugha yao ilipobadilika. Badala ya kudai haki ya gari kupita, walianza kudai barabara bora, na barabara bora ni dai ambalo hata mkulima aliyelichukia gari angeweza kulikubali, kwa kuwa mkokoteni wake nao ulizama matopeni. Chama kiliweka vibao vya njia na kuchapisha miongozo ya safari. Mwaka 1914, katika dhiki ya ukosefu wa kazi, ujenzi wa barabara ya saruji kati ya Toronto na Hamilton ulianza. Ilikamilika mwaka 1917. Baadaye, mwaka 1929, chama kilianza mpango wa kuwafundisha wanafunzi kuwavusha wenzao barabara karibu na shule. Ukitafuta alama ya chama kilichokomaa, ni hiyo: walioungana ili gari lipite wamegeuka kuwa walinzi wa mtoto asiye na gari.

Hiyo ndiyo historia kama vyama vinavyoisimulia vyenyewe, na si ya uongo. Leo CAA ina wanachama zaidi ya milioni 6, wengi wao wakiwa watu wa kawaida wanaotaka tu gari lao livutwe likikwama theluji. Lakini ndani ya historia hiyo kuna watu ambao simulizi huwapita kama gari linavyompita mtu kando ya njia. Hao ni washika usukani.

Tuanze na sheria. Mwaka 1909 Ontario iliamuru kwamba dereva wa kuajiriwa awe na leseni. Mwenye gari aliyejiendesha mwenyewe hakuguswa na amri hiyo. Leseni kwa madereva wote haikuja mpaka mwaka 1927. Kwa miaka 18, basi, sheria ilimwona mtu mmoja barabarani kuwa wa kuchunguzwa na mwingine kuwa wa kuaminiwa, na tofauti kati yao haikuwa ustadi. Yule aliyeendesha kutwa nzima kwa ajili ya mkate wake ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba anaweza. Yule aliyeendesha Jumapili kwa ajili ya kujifurahisha alithibitishwa na hati ya kununulia gari.

Kisha tuitazame safari maarufu ya mwaka 1912. Mwandishi Thomas Wilby aliazimia kuivuka Kanada kwa gari la REO kutoka Halifax, pwani ya Atlantiki, hadi pwani ya Pasifiki, wakati ambapo barabara ya kuiunganisha nchi haikuwapo. Aliyeliendesha gari na kulitengeneza kila lilipoharibika alikuwa fundi kijana wa Ontario, Jack Haney. Walifika, ingawa sehemu za njia zilibidi kupitwa kwa msaada wa reli. Mwaka 1914 Wilby alichapisha kitabu cha safari hiyo, na katika kitabu kizima hakulitaja jina la Haney hata mara moja. Ndani yake Haney ni dereva tu, asiye na jina, kana kwamba ni kifaa kimojawapo cha gari. Tunalijua jina lake kwa sababu yeye naye aliandika shajara. Fundi aliyenyimwa jina na mwandishi alilihifadhi kwa mkono wake.

Doolittle alikuwa mtu wa namna nyingine kidogo. Aliongoza CAA tangu mwaka 1920 hadi kufa kwake mwaka 1933, na katika miaka hiyo alihimiza mambo mawili yaliyokuwa na maana kwa kila msafiri: majimbo yote yaendeshe upande mmoja wa barabara, na barabara moja iivuke nchi. Mwaka 1925 alifunga safari mwenyewe kwa Ford Model T kutoka Halifax hadi Vancouver, akiwa na mpigapicha wa kampuni ya Ford, Ed Flickenger. Mahali palipokosa barabara waliyavua magurudumu ya mpira wakafunga ya chuma na kuteleza juu ya reli. Walitumia takriban siku 40. Barabara aliyoiota ilifunguliwa rasmi mwaka 1962, miaka 29 baada ya kifo chake. Jina la Flickenger, angalau, halikupotea.

Sasa tuivuke bahari, kwa kuwa chama cha namna hiyo hiyo kilikuwa kimekwisha kuota Nairobi. Kilianzishwa mwaka 1919 kwa jina la Royal East African Automobile Association, na mwanzilishi wake alikuwa Lionel Douglas Galton-Fenzi. Mwaka huo wenyewe una uzito. Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki vilikwisha Novemba 1918, na vilipiganwa kwa migongo ya watu. Mbung'o waliua ng'ombe na farasi, magari yalikwama, na mizigo ya majeshi ikabebwa na wapagazi. Waingereza waliandikisha mamia ya maelfu ya wapagazi, na makumi ya maelfu kati yao hawakurudi. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, lilibaki katika vinywa vya watu na katika ramani: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Chama cha wenye magari cha Nairobi kilizaliwa miezi michache tu baada ya mpagazi wa mwisho kutua mzigo.

Tofauti kati ya Toronto na Nairobi ni hapo. Toronto, gari lilichukua nafasi ya farasi. Nairobi, lilichukua nafasi ya mtu. Nako Toronto mkulima aliyelichukia gari alikuwa mpiga kura, hivyo klabu ililazimika kumbembeleza na kumwonesha faida ya barabara. Nairobi, mkulima hakuwa na kura. Sheria ya mwaka 1912 iliwapa machifu na wazee wa vijiji mamlaka ya kuwatoa watu kwa kazi za lazima, na kutengeneza njia ilikuwa mojawapo. Mwafrika wa miaka ya 1920 aliijua barabara kwanza kwa jembe. Miaka ile ile ambayo magari ya koloni yalipewa nambari, yeye naye alipewa yake, kipande kilichoning'inizwa shingoni katika kikasha cha bati. Dereva wa Kiafrika alipoketi nyuma ya usukani, palikuwa na nambari mbili barabarani, ya gari na ya mtu, na zote mbili zilisomwa na askari.

Hayo hayaondoi ujasiri wa Galton-Fenzi mwenyewe. Mwaka 1926 aliendesha gari la Riley kutoka Nairobi hadi Mombasa, safari iliyohesabiwa kuwa ya kwanza ya gari kati ya miji hiyo miwili, ambayo hapo awali iliunganishwa na reli tu. Alitafuta pia njia ndefu za kuelekea Sudan na Afrika Magharibi. Alikufa mwaka 1937, na mwaka 1939 akajengewa mnara katika barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue. Ni nguzo ya mawe yenye tufe la dunia juu yake, na imechorwa njia na masafa ya miji ya mbali. Wapita njia wengi wanaodhani ni jiwe la kupimia maili hawajakosea sana.

Lakini katika barabara hiyo hiyo, umbali wa kutembea kwa miguu, pana mnara mwingine wa tangu mwaka 1928: sanamu tatu za shaba zinazowakumbuka Waafrika na Waarabu waliotumika katika vita, na mmoja wa watatu hao ni mpagazi. Tusimame kidogo kati ya minara hiyo miwili. Mmoja una jina la mtu na masafa aliyoyapima kwa gari. Mwingine una umbo la mtu asiye na jina, aliyeyapima masafa hayo hayo kwa nyayo, mzigo kichwani, kabla ya gari kufika. Njia ya Wajerumani na Waingereza kutoka Kilimanjaro hadi Ruvuma haikuhitaji kugunduliwa na klabu. Wapagazi walikuwa wakiijua kwa mawe yake.

Chama cha Nairobi kilikua kadiri magari yalivyoongezeka, na tunda lake lililojulikana duniani lilikuja mwaka 1953. Ili kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, wapenda magari waliandaa mashindano ya masafa marefu yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yaliitwa Coronation Safari. Neno la Kiswahili likawekwa pembeni ya taji la Kiingereza, na katika miaka iliyofuata taji likadondoka, likabaki neno. Mashindano ya kwanza yalikuwa na kanuni ya kuvutia: magari hayakugawanywa kwa nguvu za injini, yaligawanywa kwa bei yake dukani. Hata mchezoni, basi, mwenye gari alitambuliwa kwanza kwa mfuko wake.

Barabara yenyewe haikujali bei. Aprili ni mwezi wa masika, na matope ya masika hayasomi hati ya ununuzi. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari saba tu yalimaliza mashindano. Mshindi wa mwaka 1965 ndiye anayetuhusu zaidi. Joginder Singh alikuwa mwana wa fundi. Alijifunza kazi akiwa kijana katika gereji ya baba yake, akishika spana kabla ya kushika usukani, na aliwahi kuajiriwa na chama cha wenye magari kama fundi wa doria, yule mtu anayepita barabarani kuwasaidia wanachama waliokwama. Mwaka 1965, yeye na ndugu yake Jaswant waliyashinda magari mapya ya viwanda vikubwa kwa Volvo PV544 kuukuu, gari lililokwisha kutumiwa na wengine. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976, na ulimwengu ukamwita Singasinga Arukaye.

Hapa ndipo historia ya chama inapogeuka, ingawa chama hakikukusudia. Kilianzishwa ili mwenye gari asipate taabu. Kilimwajiri fundi aiondoe taabu hiyo, na fundi huyo, kwa kuondoa taabu za wengine siku baada ya siku, aliijua barabara kuliko wenye magari wote. Ujuzi uliopatikana kwa kuwahudumia wanachama ulizaa bingwa aliyewashinda wanachama. Watoto wa Nakuru, Mbale na Morogoro waliosimama kando ya njia wakifunikwa na vumbi hawakuuliza gari ni la nani. Waliuliza ni nani anayeliendesha. Katika vumbi lile, kwa siku chache za kila mwaka, jina la mshika usukani lilikuwa kubwa kuliko la mwenye mali.

Siku nyingine za mwaka, mambo hayakuwa hivyo. Uhuru ulipokuja, viti vya nyuma vya magari makubwa vilipata wakaaji wapya, na Kiswahili, lugha isiyokosa jicho, kikawabatiza: Wabenzi. Ni jina la kabila lisilo na nchi wala mizimu, lenye nembo tu. Utani huo ni uchambuzi wa kijamii kwa neno moja, na unatukumbusha kwamba swali la mwaka 1909 halikufungwa na bendera mpya. Mwenye gari alikaa nyuma, mshika usukani alikaa mbele, na mwenda kwa miguu aliambiwa lile tunaloambiwa tangu utotoni: mwenye nguvu mpishe.

Lugha yetu, hata hivyo, imehifadhi hukumu nyingine, na ni haki kuisikiliza katika makala ya fasihi. Neno gari tulilipata kutoka Kihindi, na motokaa na dereva kutoka Kiingereza. Lakini usukani haukuja na gari. Ni neno la asili ya Kiarabu lililokuwa pwani karne nyingi kabla ya injini, likitaja kifaa cha nyuma ya jahazi kinachokiongoza chombo. Waswahili walipoliona gari la kwanza walitazama kile anachokishika dereva wakasema, hiki tunakijua. Na katika jahazi, mwenye chombo ni mmoja na nahodha ni mwingine. Tajiri anaweza kulala Muscat wakati chombo chake kinavuka bahari, na juu ya maji, neno linalofuatwa ni la nahodha.

Tena tulipime neno mwenye. Gari linapoziba njia Kariakoo, mtu hupaza sauti: mwenye gari hili ni nani? Anayeitika ni dereva. Husema, ni mimi, akakimbia kulisogeza, hata kama hati ina jina la mtu mwingine aliye ofisini. Hakuna anayemwona kuwa mwongo. Katika Kiswahili, mwenye kitu ni yule aliye nacho, aliye pamoja nacho, anayeweza kuulizwa juu yake. Kwa tafsiri hiyo Haney alikuwa mwenye gari mwaka 1912, siyo Wilby. Na chama cha wenye magari, kama tungelifuata neno hilo mpaka mwisho wake, kingekuwa tangu siku ya kwanza chama cha madereva, mafundi na matingo.

Turudi sasa Toronto, maana watu wetu nao walivuka. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, Kanada iliwapokea maelfu, na wengine walifuata kutoka Tanzania na Kenya. Walifika na Kiswahili chao, na wakubwa wao waliyakumbuka mashindano ya Pasaka na jina la Joginder. Baada yao wakaja wengine wengi, kutoka Mogadishu, Bujumbura, Goma, Mombasa na Dar es Salaam. Kwa mgeni wa leo, leseni ya Ontario ni mojawapo ya milango ya kwanza ya maisha mapya. Aliyeendesha lori kutoka Mombasa hadi Kigali kwa miaka ishirini hukaa chumba kimoja cha mtihani na kijana wa miaka 16, na kujibu maswali yale yale. Wengi huona uchungu. Lakini mtihani huo una haki ambayo sheria ya mwaka 1909 haikuwa nayo, kwa kuwa unamwuliza kila mtu, tajiri na kibarua, swali moja tu: waweza?

Kisha wengi wa wageni hao hushika usukani ili wale: wa teksi, wa basi, wa lori, wa gari la kupeleka chakula mlangoni. Usiku wa theluji wanazijua barabara za Toronto kama Joginder alivyolijua tope la masika, na mji unawategemea kama wanachama walivyomtegemea fundi wa doria. Simu ya abiria huonesha jina la dereva na nambari ya gari, na safari ikimalizika vyote hufutika. Anayetaka kujua historia ya barabara za mji huu katika karne ya 21 hataipata katika vitabu vya wenye magari 27. Ataipata kwao, iwapo watafanya kama Haney na kuiandika, na si lazima waiandike kwa Kiingereza.

Jioni, kutoka kwenye daraja la Crescent Town, taa za magari huonekana zikipita chini kwa safu mbili, nyeupe zikija na nyekundu zikienda. Aliye darajani haoni nyuso, haoni hati wala nembo. Anachoweza kukijua kwa hakika ni kwamba ndani ya kila gari kuna mikono iliyoushika usukani, na kwamba mikono hiyo ina mtu, na mtu huyo ana jina.